Behewa la Nyuma

Nilikuwa mgeni katika stesheni ya Thika, kazi yangu kuunganisha na kuachanisha mabehewa, na tayari nilijiona fundi. Asubuhi hiyo mkubwa wangu, Mzee Kamau, alinipigia simu.

"Wanjiru, behewa la nyuma viti vimevunjika. Likate libaki hapa, abiria waende."

Nililijua. Treni ilipoingia nililiona likiwa mkiani kabisa. Nikalifuata, nikafunga mipira ya breki, nikainua mkono wa chuma, na ndoano kubwa inayoshikanisha mabehewa ikaachia. Nikapunga bendera ya kijani kwa madaha.

Injini ikaondoka. Lakini mbona treni ilikuwa fupi hivyo? Injini na behewa moja tu, vikielekea Ruiru. Nikageuka. Mabehewa mengine yote yalikuwa yamesimama pale pale, yamejaa watu waliokuwa wakienda kazini, wakinitazama.

Nikachanganyikiwa kabisa. Kumbe baada ya treni kuingia, injini ilikuwa imezungushwa ikafungwa kule mkiani. Nyuma ilishageuka kuwa mbele!

Simu ikalia. "Wanjiru, dereva ameenda na nini?"

"Na... lile la viti vibovu, mzee."

"Ngai! Na watu?"

Kabla sijajibu, dirisha la behewa moja lililobaki likafunguka. Alikuwa mama mkwe wangu, niliyemkalisha humo mwenyewe nikijigamba kwamba hapa treni haiondoki bila mkono wangu.

"Wanjiru," akaita, behewa zima likisikiliza, "sasa hii yetu inavutwa na nani?"