Saa Isiyo na Ufunguo

Mume wangu alirudi kutoka Mombasa na saa ya dhahabu ya kunizawadia, na mimi sikuitaka. Nasema waziwazi sasa, maana wakati ule ulimi ulikuwa mzito. Ndoa yetu ilikuwa bado changa, saa aliichagua mwenyewe, na alipokuwa akinikabidhi alifurahi kama mtoto aliyevishwa kanzu mpya ya Idi. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba amekosea?

Saa nilikuwa nimemwomba mimi. Katika nyumba yetu ya Mkomani wanaume walitembea na saa zao, na sisi wanawake tuliokaa ndani tuliuliza. Ukitaka kujua kama mikate itawahi kuiva kabla ya wageni, unauliza kupitia mlangoni, na mwanamume akikumbuka anakujibu. Nilichoka kuuliza. Nilitaka wakati uwe wangu pia.

Basi nikaletewa ile. Juu ya kifuniko chake palichorwa mwanamke wa Kizungu, kichwa wazi, mabega wazi, anatabasamu. Mama mkwe alipomwona alivuta mtandio wake mbele kana kwamba ndiye aliyevuliwa.

“Mwanamuke kitwa wazi ndani ya nyumba yangu!” akasema. “Na mato yake yanifuata kula nendapo!”

Kwa ajili ya macho hayo yaliyomfuata kila aendako, kila tulipotaka kuswali tulimfungia kashani.

Picha ningeivumilia. Kilichonikera ni ufunguo. Saa ile ilijazwa kwa kifunguo kidogo kinachoingizwa kwa nyuma, na mishale yake iliendeshwa kwa kifunguo hicho hicho. Na kwetu siku huanza magharibi: mwadhini akiadhini, kila mwenye saa huirudisha kwenye kumi na mbili kamili, leo na kesho na kesho kutwa, kwa kuwa jua halizami wakati ule ule mwaka mzima. Kwa hiyo saa bila ufunguo wake ni pambo tu. Na ufunguo aliuweka nani? Bwana. Aliutia pamoja na funguo za duka, kiunoni, akaniambia kwa upole kwamba kitu kidogo kama kile kitapotea humu ndani.

Kila jioni alikuja, akaifungua, akaijaza, akairekebisha, akanirudishia. Alifanya kwa mapenzi, najua. Lakini akilala shambani Kililana, saa ilisimama, nami nikarudi mlangoni kuuliza. Nilikuwa na saa ya dhahabu, na bado sikuwa na saa!

Siku moja alirudi kutoka Kililana akaikuta imekufa, akacheka. Mimi sikucheka.

“Bwana,” nikamwambia, “saa hini ni yako. Mimi nakuwekea tu. Nataka saa nitakayoitia sawa mwenyewe.”

Aliichukua, akaitia mfukoni, akatoka. Nikabaki na hofu mbili: kwamba nimemvunja moyo mtu niliyekuwa ndiyo kwanza naanza kumpenda, na kwamba sasa sitapata saa yoyote. Ipi ilinisumbua zaidi, sitaki kuapa.

Kesho yake, alasiri ikishaswaliwa, tukasikia mume wangu akikohoa nje kwenye daka, lile baraza la mawe la mlangoni. Kwetu mke hakwenda dukani; duka ndilo lililokuja kwake. Muuzaji huketi dakani na mwenye nyumba, bidhaa huingizwa ndani kwenye sinia, wanawake wakachagua, kisha sinia likarudi. Safari hii aliyeketi dakani alikuwa Mhindi muuza saa wa mtaa wa Langoni. Mama mkwe alikwenda mlangoni akarudi na sinia lenye saa tatu, na sauti ya Mhindi ikalifuata:

“Ya kushoto rahisi! Ya kulia ghali! Ya katikati bei ya kati, hiyo kazi hufanya yenyewe!”

Tukaziinamia. Zote tatu zilionyesha saa nne na dakika chache.

“Saa nne?” akasema mama mkwe. “Na alasiri imeshaswaliwa? Zote mbovu!” Akalirudisha sinia.

Mhindi akazisikiliza moja moja, akaapa kwamba ni nzima, sinia likaingia tena. Mama mkwe akalitoa tena, safari hii na maneno juu yake. Ndipo tukasikia mume wangu akicheka huko nje mpaka akapaliwa.

“Mama, zimetiwa kwa saa za forodhani! Wazungu huanza kuhesabu katikati ya usiku.”

“Katikati ya usiku?” akashangaa mama mkwe. “Na nani aliye mato saa hizo akawahesabia?”

“Nileteeni,” akasema mume wangu, “nizitie sawa.”

“Ngojani!” nikasema.

Sauti yangu ilivuka mlango ikamfikia mwanamume mgeni. Mama mkwe alinikodolea macho. Lakini nilishaishika ile ya rahisi. Nikaigeuza: tundu la ufunguo. Nikaishika ile ya ghali, ya fedha tupu, imenakshiwa maua, nzuri kweli: tundu la ufunguo. Nikaiweka chini bila majonzi. Ya katikati ilikuwa ya madini meupe tu, uso mweupe, tarakimu nyeusi kubwa, haina mwanamke wala ua. Nyuma haina tundu. Shingoni ilikuwa na kifundo chenye meno madogo. Nikakizungusha, kikaguruma taratibu. Nikakivuta, kikaitika. Nikakizungusha tena, na mishale ikaondoka!

Niliitoa kwenye nne nikaipeleka mpaka kumi, kwa vidole vyangu mwenyewe, na furaha ikanipanda nikapiga kigelegele. Mama mkwe akaninyang’anya saa, akakizungusha kifundo, naye akapiga chake kilichonizidi.

“Mashaallah!” Mhindi akaita kutoka nje. “Mtoto mume au mke?”

Ile ya dhahabu ikabadilishwa kwa hii, na mwanamke wa kichwa wazi akarudi Langoni mfukoni mwa Mhindi. Mume wangu hakuingia. Aliondoka na mgeni wake, na baadaye akaenda msikitini moja kwa moja. Furaha yangu ikapungua. Mwadhini alipoadhini nikarudisha mishale kwenye kumi na mbili, lakini sikio langu lilikuwa mlangoni.

Aliporudi alinijia kama kawaida yake. Mkono ukamwenda kiunoni kwenye funguo, ukasita, ukashuka. Alinitazama, kisha akageuka akaenda tena dakani. Nikajua nimemwumiza, na machozi yakanilenga.

Mara mlango ukagongwa. Mlango wake mwenyewe, wa nyumba yake mwenyewe.

“Hodi, Bi. Samahani. Saa ngapi?”

Saa yake ilikuwa mfukoni mwake, haikuachana naye hata siku moja. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Nilisogea mlangoni nikaitazama yangu kwa makini, bila haraka.

“Kumi na mbili na robo,” nikamwambia.

“Ahsante,” akasema. Na kwa nyuma ya mlango nikamsikia akiifungua ya kwake, akiingiza ufunguo, na kuiweka ifuatane na yangu.