Mkono wa Kulia wa Bibi Harusi

Nakumbuka siku moja kule Kitale, mwanangu, nilipoupamba mkono wa kushoto wa bibi harusi mpaka nikausahau wa kulia. Cheka tu. Mimi mwenyewe hucheka siku hizi, ila siku hiyo nilitamani sakafu ipasuke initie ndani.

Nilikuwa msichana bado, najifunza kuchora hina kwa Bi Salma, jirani yetu karibu na msikiti mjini Bungoma. Bi Salma alikuwa na taratibu zake. Hina ikandwe kwa maji ya limau leo, itumike kesho, maana isipolala haitoi rangi. Kisha mifupa kwanza, nyama baadaye: yaani unachora mistari mikuu kwenye mikono yote miwili, unaweka koni ya hina chini, unaenda mlangoni kuitazama kazi kwa mbali, ndipo unarudi kujaza maua. Mimi niliona ni uzee unamsumbua. Nilikuwa na kasi, na maua yangu yalikuwa mazuri, sitakudanganya ili nionekane mnyenyekevu.

Basi tukaenda Kitale kwa binti aitwaye Zuhura, aliyekuwa anaolewa kesho yake na kijana wa Bungoma. Bi Salma akaniachia mikono ya Zuhura, yeye akaingia chumba cha pili kuwapaka shangazi za bibi harusi miguu. Nikaanza na kushoto, na mifupa sikuichora. Ua likazaa ua, kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Kulikuwa na jirani, Mama Njeri, muuza nafaka ambaye watu wake walitoka Nyeri zamani wakalowea Trans-Nzoia, upande huo wa Kitale. Alikuwa amekuja kusaidia mapishi, akasimama kunitazama na mwiko mkononi.

"Haki huyu msichana ako na mkono," akasema. "Na mimi si unichoree kidogo tu?"

Nikamchorea. Wenzake wa jikoni nao wakaja mmoja mmoja, wakanyoosha mikono, nami nikawachorea huku nikijiona malkia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na bandu bandu huisha gogo. Mchana huo methali zote mbili zilinipata kwa pamoja. Nilipogeukia mkono wa kulia wa Zuhura, hina iliyobaki haingejaza hata kiganja. Kukanda nyingine ni kungoja ilale, na harusi ni asubuhi.

Zuhura akaitazama mikono yake, machozi yakamlengalenga. "Sasa kesho nitasalimia watu na gani?" akauliza.

Bi Salma akaitwa. Hakupaza sauti.

"Bibi harusi ako na mikono mingapi?"

"Miwili."

"Na hii nyumba iko na mabibi harusi wangapi?"

Mama Njeri akauficha mkono wake ndani ya leso, taratibu, kama mtu aliyehisi baridi.

"Enda mlangoni," Bi Salma akaniambia. "Simama hapo uangalie mpaka uone."

Nikasimama. Mwanzoni sikuona kitu ila aibu yangu. Kisha nikaanza kuuona ule mkono wenyewe, mtupu, mwembamba, na nikagundua kwamba haukuhitaji maua mengi. Tawi moja lingetosha, litambae kutoka kwenye kifundo hadi kidole cha shahada, na ua moja tu mwishoni. Bi Salma akakamua mabaki ya koni yake na yangu pamoja, nikachora. Ua lilipokamilika, hina nayo ikaisha.

Kesho yake kule Bungoma wanawake waliushika mkono ule wakauliza, huu ni mtindo gani, mmoja umejaa na mwingine umetulia? Zuhura, Mungu amzidishie, akawajibu bila kupepesa macho kwamba ndio mtindo wa Kitale. Kwa muda mrefu baadaye mabibi harusi wakawa wanakuja kuutaka "mtindo wa Kitale". Kichwa kikaanza kunivimba. Bi Salma akakirudisha mahali pake. "Hiyo ni bahati imekubeba, bana," akasema. "Na bahati haina stendi. Itakushusha popote."

Tangu hapo nilizishika taratibu zake. Miaka ikapita, mikono yake ikaanza kutetemeka, na wateja nikawa nawaendea mimi. Idi moja akaniita, akataka nimchoree yeye. Nikaja na hina iliyolala. Alinitazama nikichora mifupa ya mikono yote miwili, nikiweka koni chini, nikienda mlangoni, nikirudi. Nilipomaliza na hina ikakauka, akaunganisha viganja kama anayeomba dua, na mistari ikakutana. Akaitazama sana.

"Sasa unaweza kwenda Kitale peke yako," akasema.

Nilikuwa nimekwenda Kitale peke yangu miaka mingi, mwanangu. Lakini nilifurahi hadi nikalia.

Najua wewe hushiki koni. Kazi yako ni ya kompyuta, unahariri video za harusi. Ni mamoja. Andaa vyako siku moja kabla, usianze kutafuta waya wakati wenye kazi wamekaa wanakungoja. Panga video nzima kwanza, hata kama ni mbaya mbaya, ndipo upambe. Usimalizie nguvu zako zote kwenye maharusi wakiingia ukumbini, halafu nasaha za wazee uzipitie kwa usingizi. Inuka kwenye kiti, nenda mlangoni, itazame kazi kwa macho ya mgeni. Na mtu akikusifu kabla hujafika mwisho, mwambie asante, uendelee. Ukiona vyaelea vimeundwa, na anayeunda huunda pande zote mbili.

Haya, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, wa kushoto na wa kulia, na kila utakapoiunganisha kumwomba, mistari yake ikutane. Amina.