Shahidi wa Mwenye Baiskeli

Nilipofika Kampala kutoka mashariki ya Kongo, nilianza kujifunza upande wa barabara kabla sijajua neno moja la Kiganda. Kwetu tunashika kuume. Hapa wanashika kushoto. Wiki mbili za mwanzo sikuthubutu kupanda baiskeli. Niliisukuma tu, nikitazama magari yanavyokuja, mpaka macho yakazoea. Baadaye niliona kwamba nilijisumbua bure. Mwenye baiskeli hana upande katika mji huu. Ana ukingo, na baada ya ukingo ni mfereji.

Kazi yangu ni kusambaza mayai. Asubuhi nafunga trei nyuma ya baiskeli kwa mipira ya tairi kuukuu, natoka Kamwokya, napanda kilima cha Nakasero nikisukuma, kisha nateremka hadi Nakivubo kwa wapika chapati. Teksi, zile basi ndogo za abiria, hunipigia honi mgongoni kama mtu anayefukuza mbuzi. Siku moja dereva alishusha kioo akaniuliza, tena kwa upole, kama nimechoka kuishi. Nilimjibu hapana. Akapandisha kioo akaenda zake.

Katika nyumba za kupanga tulizoishi kulikuwa na dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa ofisi moja huko Nakasero. Yeye alikuwa na mshahara, angeweza kupanda bodaboda kila siku, lakini aliendesha baiskeli kwa kupenda. Alivaa kofia ngumu na fulana ya manjano inayong'aa. Aliniambia alikulia katika mji wa kando ya ziwa, na baba yake alimpeleka shule akiwa amekaa kwenye keria. Tukawa tunatoka pamoja asubuhi. Pale kilimani alishuka akasukuma na mimi, ingawa hakuwa na mzigo.

Ni yeye aliyeniambia kwamba nina haki. Neno hilo nilizoea kulisikia kwenye foleni za wakimbizi, si barabarani. Alisema sheria inahesabu baiskeli kuwa chombo kama gari, na dereva anayenipita anapaswa kuniachia nafasi. Alitukusanya waendesha baiskeli saba, wabeba mkaa na wauza samaki, tukaenda kwenye mkutano katika ukumbi mmoja wa serikali. Alizungumza vizuri. Ofisa mmoja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza sisi tunachangia nini kwenye barabara. Wenye magari waliokuwa ukumbini wakacheka. Hata hivyo, miezi kadhaa baadaye walichora njia ya baiskeli upande wa Nakivubo, mstari mweupe na picha ya baiskeli chini. Tuliipita siku ya kwanza tukiwa wawili, naye alikuwa akitabasamu peke yake. Haikumaliza wiki. Bodaboda waliegesha juu ya ile picha, wauza viatu wakatandaza maturubai, na nilipopiga kengele mama mmoja aliniuliza kama barabara yote hiyo ya magari hainitoshi.

Ajali ilitokea saa mbili asubuhi, Nakasero, kwenye mteremko. Dada alikuwa mbele yangu kama hatua ishirini, ameshika kushoto kabisa, haendi mbio. Gari kubwa jeusi lilinipita mimi, likampita yeye, kisha papo hapo likakata kushoto kuingia kwenye geti. Halikuonyesha taa. Dada aligonga ubavu wa gari, akaanguka, na gurudumu la nyuma likapanda mguu wake. Niliitupa baiskeli yangu na mayai yote nikakimbia.

Dereva hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Alikuwa mzee wa makamo, alishuka mbio, akamwinua pamoja nami na kumpeleka hospitali kwa gari lile lile. Alirudia neno moja tu, kwamba hakumwona. Fulana ya manjano, mchana kweupe, na nadhani alisema kweli. Jicho lake lilikuwa halitafuti baiskeli.

Mimi nilipelekwa kituoni kutoa maelezo. Askari alizungumza nami Kiswahili, nikafarijika. Kwanza aliomba karatasi yangu ya ukimbizi. Aliisoma, akaiweka mezani, akaiwekea kiganja juu.

"Wewe sema tu," akasema. "Mimi naandika."

Nikasema yote: gari lilitupita, likakata, halikuonyesha taa. Aliandika kwa Kiingereza. Mimi nimesoma Kifaransa. Alipomaliza aligeuza karatasi akaniwekea kidole mahali pa saini. Nilitaka kumwomba anisomee. Nikatazama kile kiganja juu ya karatasi yangu, nikatia saini.

Mwezi wa pili baada ya ajali nilimtembelea dada nyumbani. Mguu ulikuwa na vyuma, na ndugu yake mmoja alimletea nakala ya maelezo. Alinisomea polepole, akitafsiri, bila kuinua sauti.

"Kaka, hapa unasema mimi ndiye niliyekuwa nikilipita gari, kwa kasi, upande wa kushoto."

Nilimwapia kwamba sikusema hivyo. Alisema anajua. Nikamwahidi kwamba nitakwenda kusahihisha.

Nilikwenda. Mara ya kwanza niliambiwa yule askari amehamishwa. Mara ya pili aliyeshika nafasi yake alifungua faili, akasoma, akaniangalia.

"Mbele ulisema hii, sasa unasema ile. Mtu ya kudanganya polisi tunamufunga. Unataka tuanze na wewe?"

Nilifikiria mke wangu na watoto watatu, na karatasi zetu ambazo kila mwaka tunaziomba upya. Nikasema hapana, afande. Nikatoka.

Nilimweleza dada siku hiyo hiyo, kwa sababu kumficha kungekuwa kosa la pili. Akasema, "Umefanya ulichoweza." Afadhali angenitukana. Sikufanya nilichoweza, nilifanya kilichonisalimisha. Faili lilifungwa kwa maneno yangu. Kabla mwaka haujaisha ndugu zake walikuja kumchukua kwa gari, akarudi kwao akitembea kwa fimbo. Mwanzoni alinitumia salamu kwa simu. Siku hizi kimya, na mimi sipigi.

Wale wengine waliokwenda ukumbini wametawanyika. Mmoja anaendesha bodaboda, naye hunipita karibu sana bila kujali. Nilipomlalamikia alisema barabara ndivyo ilivyo, mzee wangu, hata yeye magari yanamfanyia vile vile.

Juma lililopita, karibu na soko la Nakasero, teksi ilimsukuma mbeba ndizi hadi mferejini. Alikaa pale ameshika bega, mikungu imetawanyika, na konda akimgombeza kwa kuchelewesha abiria. Askari wa barabarani alikuja akauliza nani ameona. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, nimeona mwanzo hadi mwisho. Yule mbeba ndizi alinitazama usoni. Nikainama nikajifanya nakaza mpira wa trei, kisha nikasukuma baiskeli yangu taratibu, nikipita nyuma ya watu.