Poda Iliyomwagwa Mapema

Mke wangu Subira anauza vitenge soko la Kasongo, na sauti yake inafika mtaa wa pili. Binti yetu Olga alipochaguliwa kapteni wa timu ya raga ya wasichana, nilijua uwanja umepata kipaza sauti.

Kumbe sikumjua mke wangu vizuri. Siku ya kwanza tu aliwawekea sheria akina mama wenzake: kushangilia wetu, ruhusa, kutukana watoto wa wenzetu, marufuku, na mwamuzi asemeshwe na kapteni peke yake, kama raga yenyewe inavyotaka. Mama mmoja alimwita mwamuzi kipofu, akarudishwa nyumbani mechi ikiendelea. Hata mimi, mume mwenye nyumba, niliwahi kunyamazishwa mbele za watu. Bado inaniuma kidogo.

Mechi ya mwisho ilikuwa Kabambare, dhidi ya wenyeji. Mshindi angekwenda Kindu kukutana na timu za mkoa mzima, na Olga hakuwa na habari nyingine mdomoni tangu mvua zianze. Tulikwenda kwa pikipiki, tukafika matope hadi masikioni. Kabla ya kuanza, wasimamizi walitangaza kwamba mashabiki wakiingia uwanjani kabla ya mpira kuwekwa chini, bao halihesabiwi.

Dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi chache. Olga akachomoka na mpira, wawili wakamkosa, akavuka mstari. Sasa, kwetu mtoto akifaulu mtihani wa serikali humwagiwa poda kichwani, na Subira alikuwa amekuja na kopo mkobani. Kumwona mwanawe amevuka, akasahau kila kitu. Aliingia mbio, akina mama wote nyuma yake. Lakini katika raga kuvuka mstari hakutoshi, lazima uukandamize mpira chini kwa mkono. Poda ilipotulia, Olga alikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, na mpira uko chini.

Mwamuzi, mwalimu Élysée, alikuwa ameachwa mbali na mbio zile. Alichoona ni wingu la poda. Akauliza akina mama waliingia kabla ya mpira kuwekwa au baada.

"Waliingia nyuma ya mpira!" walipiga kelele watu wetu. "Aliweka kwanza!" Vijana kadhaa wakaanza kumsogelea mwamuzi.

Olga akafungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga. Machozi yalikuwa tayari.

Ndipo Subira akamwendea. "Kapteni, unaniruhusu niseme?"

Olga akatikisa kichwa kukubali.

"Papa arbitre, ni mie niliingia wa kwanza. Mutoto alikuwa angali na mpira mu mikono. Bao haiko." Akawageukia vijana. "Na mutu asimuguse arbitre. Mwenye hasira aje kwangu."

Hakuna aliyekwenda. Bao likafutwa, na safari ya Kindu ikawa ya Kabambare. Olga aliwapanga wenzake mistari miwili, wakawapigia washindi makofi wakipita katikati, machozi yakimchora mashavuni kwenye ile poda. Nililia na mimi, wala sioni haya. Sijawahi kuwaonea fahari watu wa nyumbani kwangu kama siku ile, na tulikuwa tumeshindwa.

Baadaye wenyeji walitulisha, maana katika raga waliopigana uwanjani hula pamoja. Olga alikaa na wasichana wa Kabambare kwenye wali na sombe, kisamvu cha kwetu. Hakuwa amemsemesha mama yake. Subira alisimama mbali mlangoni, sahani mkononi, kimya, jambo ambalo katika ndoa yetu silijui.

Kapteni wa Kabambare, Laetitia, akauliza, "Ule mama mwenye alisema kweli, ni wa nani?"

Olga akaacha kula. Akasogea kwenye benchi mpaka nafasi ikapatikana.

"Ni wangu," akasema. "Mama, kuya ukae hapa."