Nyumba Tuliyoikandika Matongo

Nilishasema sitakanyaga tena Matongo mpaka kufa, na hata nikifa nizikwe hapa hapa Kehancha. Kina mama wa tawi letu la kanisa mnajua nilivyokataa. Lakini rais wa tawi la Kerende, ng'ambo Tanzania, alipopiga simu kwamba ana wamisionari wawili wako kwenye wiki ya huduma na hawana mtu wa kuwatafsiria Kikurya, nyinyi wenyewe mlinisukuma. "Nenda Matinde, ni kazi ya Mungu." Nikaenda. Sasa nimerudi, na nitawaeleza ilikuwa kazi ya nani.

Kwa asiyenijua, mimi ni mzaliwa wa Matongo. Shule niliishia darasa la nne, kwa sababu kaka yangu Mwita, mwana wa mama yangu, aliniozesha kwa mwanamke. Msicheke nyie wa mbali. Kwetu bibi asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, kisha akamchagulia mwanaume, na watoto wakawa wa bibi. Wanaita nyumba ntobhu. Kama mtu mzima ameingia kwa hiari yake, sina neno naye. Mimi nilikuwa mtoto. Aliyenioa alikuwa Bibi Ghati, ni marehemu, na sitasema apumzike kwa amani. Mwanaume aliyenichagulia ni Marwa, bado anatembea na fimbo yake kijijini kama mtu wa heshima. Nilikimbia kwa miguu mpaka nikavuka mpaka, na tangu hapo nikawa mtu wa Kenya.

Jumatatu asubuhi nilivuka Sirari. Afisa wa mpakani aliniuliza naenda kufanya nini Tanzania. Nikamwambia kutoa huduma. Akanitazama viatu, akacheka. "Huduma gani mama, na wewe mwenyewe unaonekana unahitaji huduma?" Nikapita. Kutoka Tarime mjini barabara inashuka Nyamongo, na kitu cha kwanza kukiona ni ule mlima wa mawe ya mgodi. Nilipokimbia hapakuwa na mlima pale. Niliutazama nikawaza, kumbe hata mlima unaweza kuota mahali wewe ukiwa hupo.

Kerende nilipokelewa na mabinti wawili wa kimisionari. Dada Nakato ni Mganda, mfupi, mcheshi, anapanga kila kitu. Dada Kalisoni ni Mmarekani, mrefu, uso umeiva kwa jua kama nyanya. Kiswahili chao ni kizuri, lakini bibi wa Matongo ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kikurya. Maisha yao ni ya kushangaza. Wanaamka jua halijatoka, wanasali, wanasoma, wanapika uji. Hawaachani hata kidogo, mmoja akienda chooni mwingine anasubiri njiani. Giza halitakiwi kuwakuta nje. Na chai hawagusi, kama sisi.

Jumanne rais wa tawi, mtu mpole anayeuza vifaa vya ujenzi, alitueleza kazi. "Kuna ndugu yetu wa Matongo amebatizwa mwaka jana. Ameomba tumsaidie mjane jirani yake kumaliza nyumba. Anaitwa Ndugu Mwita."

Kina Mwita kule ni wengi kama mawe. Nikajipa moyo. Bodaboda zikatushusha penye mji wenye zizi kubwa, na aliyetoka kutupokea, shati jeupe, kitabu kwapani, alikuwa kaka yangu.

"Matinde! Dada yangu! Bwana anafanya maajabu!" Akanikumbatia mbele za watu. Mimi mikono yangu ilibaki pembeni. Dada Kalisoni alifuta machozi akidhani anaona familia ikiunganishwa.

Mjane mwenyewe ni Bibi Wankuru. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akatuletea birika la chai ya maziwa. Mabinti wakakataa kwa adabu, nami nikakataa. Bibi akaniuliza kwa Kikurya, "Hiyo dini inakataza chai?" Nikamwambia ndiyo. "Na matope haikatazi?" Nikamwambia matope haikatazi. Akacheka mpaka akakaa. "Basi ni dini nzuri. Wape udongo."

Nguzo na fito zilikuwa zimeshasimama, bati juu. Kazi yetu ilikuwa kukandika. Maji ya kukorogea udongo alikuwa akituletea binti wa Mwita, Bhoke, mwanafunzi wa darasa la sita. Alipojua mimi ni shangazi yake alinishika mkono, hakuuachia mpaka ndoo ya pili. Anapenda hesabu. Anataka kuwa dereva wa yale magari makubwa ya mgodini, kwa sababu amemwona mwanamke anaendesha.

Lakini macho yangu hayakutulia. Bibi Wankuru ana nyumba yake nzuri, ya tofali, anaishi peke yake. Hii ya pili imewekwa pembeni ya zizi, mlango unaitazama ya kwake. Nikamuuliza Mwita, "Nyumba ya nini hii? Ya mbuzi?"

"Ya mgeni wake."

"Mgeni gani?"

"Matinde, umekuja kutafsiri au kuhoji? Tafsiri."

Nikatafsiri. Siku mbili nzima nilikandika na kutafsiri, nikijiambia labda bibi ana mjukuu anatoka Mwanza. Dada Kalisoni alikuwa anapiga udongo ukutani kwa furaha. Watoto walimpenda, akawaachia kiganja chake kimechapwa karibu na mlango, nao wakachapa vya kwao.

Alhamisi walikuja wanawake wa jirani kutusaidia kumalizia. Kazi ikanoga, wakaanza kuimba. Dada Kalisoni akawa anapiga makofi, anajaribu kuitikia. "Mama Matinde, wimbo mzuri! Wanasema nini?"

Nilisimama na udongo mkononi. Wimbo ule sikuusikia tangu nilipoimbiwa mimi. Nikamtafsiria neno kwa neno, maana ndiyo kazi niliyoitiwa. "Wanasema ng'ombe wameshatoka zizini kwa Wankuru. Binti wa Mwita aje awashe moto. Bibi amepata mke."

"Mke? Mke wa nani?"

"Wa bibi. Hii ni nyumba ya Bhoke. Wanaimba kwamba Jumatatu anahamia."

Kishindo kilichofuata kilikuwa cha ndoo. Bhoke alikuwa nyuma yetu. Mtoto alikuwa ameambiwa anamsaidia jirani, kumbe alikuwa anabeba maji ya kukandikia nyumba yake mwenyewe.

Dada Kalisoni alitazama mikono yake. Dada Nakato akaweka chini karai, akasema kwa sauti ndogo, "Tunatoka hapa sasa hivi." Bibi Wankuru akaniuliza kwa nini wageni wanaondoka, kona ya nyuma haijaisha. Nikamwambia kona ya nyuma aimalizie kwa mikono yake.

Mwita nilimkuta zizini kwake. Sikumsalimia. "Mtoto wako anasoma."

"Hata wewe ulikuwa unasoma. Ikawaje?" Akacheka. Kisha kicheko kikakatika. "Unajua ulichonifanyia? Nilioa kwa ng'ombe wako. Ulipokimbia, kina Ghati wakaja kuwadai wote. Mke wangu wa kwanza akarudishwa kwao ana mimba. Nilikaa mseja nikachekwa na wenzangu wa rika miaka mingi. Sasa Chacha mwanangu anataka kuoa. Ng'ombe nitoe wapi? Mgodini?"

"Toa popote. Usitoe tumboni mwa mkeo."

"Nani anasema? Wewe ambaye huko Kenya hajatokea mtu wa kukutolea hata mbuzi?"

"Hata mbuzi, Mwita. Na nalala usingizi wangu wote."

Mkewe, mama Bhoke, alikuwa jikoni anasonga ugali. Ni mwanamke wa Natta, aliolewa mbali na kwao. Hakunyanyua uso, ila mwiko ulisimama.

Mwita ni mtu wangu wa damu. Namtaja kwa jina ili msije mkasema ni mila. Mila haina mikono. Mwita ana mikono, Wankuru ana mikono, na wale wazee wawili waliokaa kuhesabu ng'ombe, Nyamhanga na Gesase, wana mikono, kiasi kwamba mmoja wao alinipa mkono wa salamu siku ile ile.

Ijumaa tulikwenda polisi, dawati la jinsia. Askari, binti mdogo, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, nakuamini. Lakini baba atasema ni ugomvi wa kaka na dada, nyumba ni ya mgeni, hakuna ndoa. Nikija na gari, mtoto atafichwa. Mtoto mwenyewe aseme mbele ya watu, unipigie, nakuja." Tulirudi Matongo kumtafuta Bhoke tukaambiwa anaumwa, halafu kwamba yuko shambani, halafu tusirudi tena. Dada Nakato akampigia simu kiongozi wao wa misheni. Akajibiwa wasiguse tena ile nyumba, waache polisi wafanye kazi yao, na wasimwache mtoto bila kumwombea. Jumamosi mabinti walifua, wakafunga kula, wakaomba. Mimi nilifunga pia, lakini sikuomba. Nilikuwa nang'ata meno.

Jumapili ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Mnajua kwetu siku hiyo hakuna mhubiri, yeyote anayesukumwa na moyo anasimama mbele na kutoa ushuhuda, wala hakatizwi. Nilijua Mwita atakuja. Mtu aliyesaidia mjane hawezi kukosa siku ya kusifiwa. Akaja kweli, na familia yote, Bhoke katikati, macho yamevimba. Mwita akasimama wa kwanza. Akamshukuru Mungu kwa wamisionari waliochafua mikono yao kwa ajili ya mjane. Watu wakasema amina.

Nikaenda mbele. "Mimi ni Matinde, dada wa aliyeketi sasa hivi. Ushuhuda wangu ni mfupi. Mwita aliniuza nikiwa mtoto. Kesho anamuuza huyu. Nyumba aliyoishukuru ni ya huyo mtoto, na sisi ndio tumeikandika."

"Kaa chini, mwanamke!" Mwita alikuwa amesimama. "Rais, mkataze! Huyu ana kichaa tangu zamani!"

Rais wa tawi alikuwa anatazama sakafu. Ndiye aliyetutuma. Akanyanyua uso. "Ndugu Mwita, wewe ulishuhudia hatukukukatiza. Mama, umemaliza?"

"Nimemaliza. Sasa asiulizwe baba. Aulizwe mtoto."

Bhoke hakusogea. Baba yake alikuwa amemshika bega. Niliona ule mkono, nikaona tumeshindwa. Ndipo mama yake, ambaye wiki nzima sikusikia neno lake, akaondoa mkono wa mumewe begani kwa mtoto kidole kimoja kimoja, kama anayebandua kupe.

Bhoke akatembea mpaka mbele. Hakujua kushuhudia kunaanzaje. Akasema, "Mimi sitaki. Nataka kwenda shule." Akaanza kulia, akasema tena, kwa Kikurya, ili Nyamhanga na Gesase waliokuwa wanachungulia dirishani wasikie vizuri.

Dada Nakato alikuwa ameshampigia simu yule askari.

Jumatatu, siku ambayo Bhoke alikuwa ahamie kwa bibi, tulivuka daraja la Mara, mimi, yeye na yule askari, tukapita Mugumu hadi Natta. Mama yake alikuwa amempakia sare ya shule na sufuria. Alituelekeza kwa mdogo wake, anayefua mashuka kwenye kambi ya watalii. Mwita yuko nje kwa dhamana na anasema nimevunja nyumba yake mara mbili. Ni kweli. Ya tatu akijenga, nitavuka mpaka tena.

Natta tulifika jua limeshuka kidogo. Mama mdogo alitoka mbio, mikono ina povu, akafungua mlango. "Karibu mwanangu, pita ndani."

Bhoke akasimama kizingitini. Akachungulia. Akarudi hatua moja.

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Nani mwingine analala humu?"

"Mimi na mwanangu mchanga. Na wewe ukipenda."

Akavua viatu, akaingia.

Kina mama wa Kehancha, mtoto aliuliza mlangoni. Sisi tulifika na vitabu, sala na beji vifuani, tukakataa chai ya Wankuru, na siku mbili na nusu hatukumuuliza bibi mwenyewe swali hilo. Mimi hasa, niliyejua Kikurya. Kile kiganja cha Dada Kalisoni bado kiko kwenye ule ukuta.