Kilima cha Baba na Kaburi la Askofu

Nilikataa kulikanyaga kaburi, na wenzangu wakacheka. Tulikuwa wageni wanne kutoka usharika wetu wa Hanang, tumealikwa na usharika rafiki wa Ujerumani, na asubuhi hiyo tulikuwa ndani ya kanisa kuu lililojengwa karne nane zilizopita. Sakafu yake ni makaburi. Watu wakubwa wa zamani wamelala chini ya mawe yenye sura zao, na wageni hupita juu yao na viatu.

"Pita, mwalimu," mchungaji wetu aliniambia. "Huyu hasubiri shikamoo yako."

"Mimi sikanyagi mzee wa mtu."

Nilizunguka pembeni, nikimfikiria baba. Alikuwa mfugaji wa kijiji cha Dirma, alifariki bila kubatizwa, na koo zilikubaliana kwamba anastahili kilima: udongo na miti kuinuliwa juu ya kaburi lake kwa miezi kadhaa, pombe ya asali ikinywewa, kama Wadatoga tunavyomfanyia mzee aliyeishi kwa haki. Kazi hiyo haikuweza kuanza bila neno la mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo ni mimi, mzee wa kanisa, na mchungaji alikuwa amenionya nisithubutu. Kwa aibu yangu nilinyamaza wiki nyingi, wadogo zangu wakingoja.

Karibu na altare lilikuwapo kaburi la askofu, limeinuka kufikia kifua changu, malaika wamechongwa kila pembe.

"Nani alimjengea?" nilimuuliza mchungaji.

"Waumini wake. Kwa heshima."

"Kumbe heshima ya jiwe ni ibada, ya udongo ni upagani?"

"Usilinganishe. Huyu alikuwa mtu wa Mungu."

"Na baba yangu alikuwa wa nani?"

Alisema tu kwamba nikiruhusu kilima, nafasi yangu katika baraza la wazee imekwisha.

Nilitoka nje, nikampigia simu mdogo wangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Waite wakubwa wa koo. Waanze."

"Na mchungaji wako?"

"Yuko ndani, anapiga picha kaburi."

Niliondolewa katika baraza mwezi uliofuata. Sikuomba radhi, wala sitaomba. Kanisa linalostaajabia mifupa ya askofu wa mbali, kisha likanitaka nimwonee haya aliyenizaa, limekosea. Nami nitaliambia hivyo kila Jumapili, nikiwa nimekaa ndani yake.