Siani Asiyejua Kiingereza

Jambo la kwanza unaloliona kwa Eluned Prosser ni mfuko wa kushoto wa koti lake, umetafunwa hadi bitana inaning'inia. Humo hukaa vipande vya karoti, na kila farasi mdogo aliyepita mikononi mwake ameacha alama ya meno. Huwanunua kwenye milima ya Tregaron, manyoya yamejaa miiba, akawafunza miaka miwili, kisha akawauza kwa watoto wanaoshindana kwenye maonyesho ya farasi. Siku ya kufua huwaanikia shuka mgongoni, wazoee vitu vinavyopepea.

Mwaka huu amebaki Siani, wa kijivu, mpole kupindukia. Nyasi za ghalani hazitamvusha majira ya baridi. Asipopata mtoto wa kumnunua atakwenda mnadani, na huko hakuna anayejali anachukuliwa na nani.

Jumatatu alikuja Bi Thornbury kutoka Uingereza na binti yake Imogen, wa miaka minane. Imogen akapanda, akakaa vizuri, akasema kwa Kiingereza, "Haya, tembea."

Siani akasimama palepale, akitazama ua wa nyumba.

"Tembea basi!"

"Huyu ni farasi au sanamu?" mama mtu akauliza.

Jirani Gwilym, aliyeegemea lango, akaangua kicheko. "Dada Eluned, umelea mtoto asiyejua Kiingereza!"

Uso wa Eluned ukawaka. Miaka miwili alimsemesha Siani Kiwelisi, lugha ya huku milimani, kama anavyomsemesha paka wake, asiwaze kabisa kuhusu wanunuzi.

"Niwie radhi, mama. Kosa ni langu."

"Sisi tunatafuta farasi, siyo darasa la lugha." Bi Thornbury alishatoa ufunguo wa gari.

"Mama, ngoja!" Imogen akainama. "Bibi, huwa unamwambiaje?"

"*Dere*. Yaani njoo."

"*Dere*," Imogen akanong'ona. Masikio ya Siani yakageuka nyuma, na miguu ikafuata amri.

"Mama! Amenisikia!"

Bi Thornbury akawatazama wakizunguka ua mzima, akarudisha ufunguo mfukoni. "Jumamosi kuna maonyesho hapa kijijini. Imogen akimwongoza peke yake, bila wewe kumnong'oneza, tunamchukua."

"Nitafunga mdomo."

"Wewe?" Gwilym akadakia. "Basi watu watalipa kiingilio kuja kuliona hilo!"

Leo ni Jumamosi. Eluned amesimama nje ya kamba, midomo ameibana, mkono umezama kwenye mfuko uliotafunwa. Mwamuzi anamwashiria Imogen aanze. Msichana anavuta pumzi. Masikio ya Siani yamegeuka nyuma, yanasubiri neno.